Januari 31, ongeza mwezi mmoja: jibu ni lini?



Kuna kosa moja nimekaa nalo moyoni tangu mwaka 2023. Leo nimeamua kulitoa hadharani, kwa sababu nimegundua kwamba lina historia ndefu kuliko nilivyodhani. Historia yenyewe inaanzia Roma, inapita kwenye satelaiti ya Warusi na vita ya Ghuba, na inaishia kwenye simu uliyoishika mkononi.

Nilikuwa bado mgeni chumba cha habari. Nilipewa habari ndogo ya ukurasa wa ndani kuhusu notisi ya viwanja. Notisi ilitolewa Jumanne, Januari 31, na iliwapa wakazi siku 30 tangu tarehe hiyo kuwasilisha pingamizi. Mhariri akasema andika tarehe ya mwisho waziwazi, maana msomaji aliyebanwa kwenye daladala hana nafasi ya kuhesabu vidole. Mimi nami, kwa ujanja wangu wa msomi wa chuo kikuu, nikaona kuhesabu kwenye kalenda ya ukutani ni ushamba. Nilikuwa na kiprogramu changu nilichoandika kwa PHP nikiwa bado mwanafunzi. Nikakiambia: chukua Januari 31, ongeza mwezi mmoja. Kikajibu mara moja: Machi 3. Nikaandika "mwisho ni Ijumaa, Machi 3". Gazeti likatoka.

Ijumaa hiyo mzee mmoja alifika dirishani na bahasha yake ya kaki. Akaambiwa muda umekwisha jana. Alasiri akapiga simu ofisini kwetu akamtaka aliyeandika habari ile. Hakufoka. Aliniambia tu: "Mwanangu, mimi nilifuata gazeti."

Hesabu wewe mwenyewe. Ukihesabu "tangu" siku fulani, siku hiyo yenyewe huiweki. Ndivyo hata Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya hapa Tanzania inavyoelekeza. Kwa hiyo Februari 1 ni siku ya kwanza, Februari 28 ni ya ishirini na nane, na ya thelathini ni Alhamisi, Machi 2. Nilikuwa nimekosea mara mbili. Kwanza nilidhani siku 30 na mwezi mmoja ni kitu kimoja. Pili nilidhani mashine inajua mwezi ni nini.

Haijui. Hebu tuone ni kwa nini.

Tatizo la kwanza ni kwamba mwezi si kipimo. Siku ni kipimo, kwa sababu jua linachomoza na kuzama upende usipende. Lakini mwezi wa kalenda tunayotumia ofisini ni makubaliano ya watu, na makubaliano hayo yamerekebishwa mara kadhaa. Mwaka 46 kabla ya Kristo, Julius Caesar alikuta kalenda ya Roma imeachana kabisa na majira. Ili kuirudisha kwenye mstari, mwaka huo mmoja ulipewa siku 445. Fikiria una mkataba wa mwaka mmoja uliosainiwa mwaka huo!

Kalenda ya Caesar iliongeza siku moja kila baada ya miaka minne bila kukosa. Ikawa inazidisha kidogo, dakika kama 11 kwa mwaka. Dakika 11 ni kitu gani? Zikiachwa miaka elfu moja na zaidi zinakuwa siku nzima nzima. Ndipo Papa Gregory XIII alipoamuru mwaka 1582 kwamba baada ya Alhamisi, Oktoba 4, siku itakayofuata iwe Ijumaa, Oktoba 15. Siku kumi zikafutwa kwenye karatasi, ingawa hakuna aliyelala siku kumi. Pia akaweka kanuni mpya: mwaka wa mwisho wa karne hauwi mwaka mrefu mpaka ugawanyike kwa 400. Ndiyo maana 1900 haukuwa mwaka mrefu, na 2000 ulikuwa. Ushike mwaka huo 1900, tutaurudia.

Nchi hazikuhama pamoja. Uingereza ilingoja hadi 1752, ikalala Septemba 2 na kuamka Septemba 14. Urusi ilingoja hadi 1918. Sweden ilijaribu kuhama polepole, ikachanganyikiwa, ikaamua kurudi ilikotoka, na katika kurudi huko mwaka 1712 ikawa na Februari 30. Ndiyo, Februari 30 imewahi kuwepo duniani. Kwa hiyo ukiulizwa "kutoka tarehe hii hadi ile ni siku ngapi?", jibu la kweli huanza na swali: nchi gani?

Mtu aliyeona dawa yake mapema ni msomi mmoja aliyeitwa Joseph Scaliger. Mwaka 1583, mwaka mmoja tu baada ya amri ya Papa, alitoa kitabu kilichopendekeza kipindi kimoja kirefu cha miaka 7,980, kinachoanzia mwaka 4713 kabla ya Kristo, mbali kiasi kwamba historia yote iliyoandikwa inaingia ndani yake. Baadaye wanaastronomia, akiwemo Mwingereza John Herschel katika karne ya 19, walilichukua wazo hilo na kulifanya kuwa hesabu ya siku: siku sifuri, siku ya kwanza, ya pili, mpaka leo. Haina mwezi wala mwaka mrefu, na hakuna Papa wala Caesar ndani yake. Ukitaka kujua umbali kati ya matukio mawili, unatoa namba moja kwenye nyingine. Basi!

Hapo ndipo ilipo siri ya programu zote za tarehe. Kompyuta haijui "jana" wala "Jumatano". Inajua namba moja inayoongezeka kutoka mahali fulani pa kuanzia. Mengine yote ni tafsiri.

Na sisi Waswahili, jamani, tusijifanye wageni katika hili. Saa yetu ni hesabu ya namna hiyo hiyo: mchana unapoanza tunaanza kuhesabu, saa moja, saa mbili, mpaka jioni, halafu tunaanza upya. Mzungu anaanza kuhesabu usiku wa manane. Saa zote mbili ni sahihi, zinatofautiana mwanzo tu. Tazama pia majina ya siku zetu. Jumamosi ni ya mosi, Jumapili ni ya pili, na ukiendelea hivyo Jumatano ni ya tano. Siku inayofuata Jumatano ni nini? Alhamisi, neno la Kiarabu lenye maana ya tano, kwa sababu Waarabu wanaanza kuhesabu Jumapili. Wiki yetu ina siku za tano mbili, zimekaa jirani, kila moja na mwanzo wake. Tangu utotoni tunaishi na hesabu mbili ndani ya wiki moja na hatupotei. Kompyuta ingepotea.

Tuje kwenye kompyuta zenyewe. Oktoba 1957 Wasovieti walirusha Sputnik. Wanasayansi wa kituo cha Smithsonian kule Marekani walilazimika kuifuatilia kwa kompyuta ya IBM 704. Hesabu ya siku iliyotokana na Scaliger ilikuwa imeshapita milioni mbili na laki nne, ikawa inakula nafasi katika kumbukumbu ya mashine. Wakaifupisha kwa kuikata mbele na kuanza upya kutoka Novemba 17, 1858. Si kwamba siku hiyo lilitokea jambo kubwa. Ni kwamba namba zilikaa vizuri. Mfumo wa VMS, uliotumika sana kwenye kompyuta za ofisi na vyuo, ulirithi mwanzo huo huo.

Kisha wakaja vijana wa Bell Labs, New Jersey, akina Ken Thompson na Dennis Ritchie, na mfumo wao wa Unix. Kitabu chao cha maelekezo cha Novemba 1971 kinasema saa ya mfumo inahesabu sehemu za sitini za sekunde tangu Januari 1, 1971. Namba waliyoitumia ilikuwa ya biti 32. Piga hesabu: ukihesabu mara 60 kila sekunde, namba hiyo inajaa katika siku zisizozidi 829, yaani miaka miwili na ushee. Walikuwa wametengeneza saa ambayo ingejaa kabla mtoto hajaanza chekechea. Baada ya kuhangaika nayo wakaamua kuhesabu sekunde nzima, na mwanzo ukatulia kwenye Januari 1, 1970, saa sita usiku kwa saa ya dunia. Simu yako inahesabu kutoka hapo hadi dakika hii.

Kichekesho ni kwamba sekunde hiyo haikuwa usiku wa manane hata London. Kati ya 1968 na 1971 Uingereza iliweka saa zake saa moja mbele mwaka mzima, kwa hiyo kwao ilikuwa saa saba usiku. Na huku kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa tisa za usiku wa kuamkia Januari 1.

Chochote kilichotokea kabla ya hapo kina namba hasi. Uhuru wa Tanganyika, usiku wa manane wa kuingia Desemba 9, 1961, kwa saa yetu iliyo saa tatu mbele ya saa ya dunia, ni hasi 254,458,800. Kuna programu zilizoandikwa vibaya ambazo hazikubali namba hasi. Bibi yangu, aliyezaliwa mwaka anaoujua kwa njaa yake na wala si kwa tarakimu, kwa programu kama hiyo hajazaliwa.

Sasa tufike kwenye kosa langu. Watu walichoka kuhesabu sekunde. Walitaka kuiambia mashine "kesho", "wiki mbili zilizopita", "mwezi ujao", kama wanavyomwambia binadamu. Steven Bellovin, akiwa Chuo Kikuu cha North Carolina kule Chapel Hill, aliandika programu ya kusoma maneno ya namna hiyo. Ndiye huyo huyo aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa Usenet mwishoni mwa miaka ya 1970. Agosti 1990 Rich Salz na Jim Berets waliifumua na kuijenga upya, kisha ikaingia kwenye mfumo wa GNU. PHP nayo ilichukua namna hiyo hiyo ya kuandika.

Ndani yake "kesho" ni siku moja mbele na "jana" ni siku moja nyuma. Kuna hata neno la Kiingereza la wiki mbili. Wangekuwa Waswahili wangeweka kesho kutwa, mtondo na mtondogoo, maana sisi siku zijazo tumezipa majina yake. Lakini walipofika kwenye "mwezi" wakakwama palepale alipokwama Caesar. Programu inachukua Januari 31, inabadilisha Januari kuwa Februari, inapata Februari 31. Hakuna siku hiyo. Mwaka 2023 Februari ilikuwa na siku 28, kwa hiyo zimebaki siku tatu zisizo na pa kukaa. Zinamwagika kwenda Machi. Machi 3! Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa swali nililouliza. Swali ndilo lilikuwa baya.

Waandishi wa GNU wenyewe wametoa onyo katika maelekezo yao: ukiuliza Julai 31, 2003 kurudi nyuma mwezi mmoja, unaweza kujibiwa Julai 1, yaani hujatoka hata ndani ya mwezi. Ushauri wao ni kwamba ukitaka kujua mwezi uliopita ni upi, anzia tarehe 15, kwa sababu 15 ipo katika kila mwezi. Onyo lilikuwepo miaka yote. Nani alisoma? Si mimi.

Programu nyingine zimechagua jibu tofauti. Excel ukiiomba isogeze Januari 31 mwezi mmoja mbele inakupa siku ya mwisho ya Februari. Ni mantiki pia. Lakini kwa mzee wangu Februari 28 nayo ingekuwa tarehe ya uongo. Walau ingemuwahisha.

Na Excel yenyewe isijione safi. Lotus 1-2-3, programu ya mahesabu iliyotoka 1983, iliuhesabu mwaka 1900 kuwa mwaka mrefu. Umeukumbuka? Papa Gregory alishasema si mrefu. Excel ilipokuja ililazimika kukubaliana na mafaili ya Lotus, ikalichukua na kosa lake. Mpaka leo ndani ya Excel siku ya 60 ni Februari 29, 1900, siku ambayo binadamu hakuiishi. Kosa likishatumiwa na watu wengi linageuka kuwa kanuni.

Unaweza kusema, ah, siku moja tu, ndugu mwandishi unalia nini? Basi sikia habari ya theluthi moja ya sekunde.

Februari 25, 1991, wakati wa vita ya Ghuba, kombora la Scud la Iraki liliangukia kambi ya wanajeshi wa Marekani huko Dhahran, Saudi Arabia. Mitambo ya Patriot ilikuwepo kuwakinga, na haikurusha kitu. Wanajeshi 28 wakafa. Uchunguzi uliotolewa na ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani mwaka 1992 ulionyesha tatizo: saa ya mtambo ilihesabu sehemu za kumi za sekunde tangu ulipowashwa, na moja ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa lugha ya sifuri na moja. Kila hesabu iliacha chembe nje. Mtambo ulikuwa umewashwa kwa takriban saa 100 mfululizo, chembe zikajikusanya zikawa theluthi moja ya sekunde. Katika muda huo Scud hukimbia zaidi ya nusu kilomita. Rada ikatazama mahali ambapo kombora halikuwepo. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran siku iliyofuata, Februari 26.

Siku moja baadaye. Kama mzee wangu na bahasha yake.

Kuna na suala la saa za miji. Tangu miaka ya 1980 Mmarekani Arthur David Olson alianza kukusanya mabadiliko ya saa ya dunia nzima katika faili moja, na baadaye Paul Eggert akalibeba jukumu. Karibu kila kompyuta na simu inalisoma. Mwaka 2011 waliwahi kushtakiwa kwa madai ya hakimiliki, na kwa muda faili likatoweka hewani. Taasisi ya ICANN ikalichukua, na kesi ikafutwa mwaka 2012. Fungua sehemu ya Nairobi humo utashangaa. Imeandikwa kwamba saa yake ilikuwa mbele ya saa ya dunia kwa saa mbili na nusu, kisha tatu kuanzia katikati ya 1928, kisha ikarudi mbili na nusu Januari 1930, kisha mbili na dakika 45 kuanzia 1937, na ikatulia kwenye tatu kuanzia Agosti 1942. Ukihesabu saa kati ya tukio la 1935 na la 1943 kwa kutoa tu saa za ukutani, umeshakosea kwa nusu saa kabla hujaanza.

Na mbele yetu kuna 2038. Sekunde za Unix, zikiwekwa katika namba ya biti 32 yenye chanya na hasi, zinafika mwisho Jumanne, Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa ya Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata, mashine ambayo haijarekebishwa itajiona iko Desemba 1901. Dawa ipo, ni kutumia biti 64, na Linux tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020 inaweza kuvuka hata kwenye mashine za biti 32. Shida ni vifaa vya zamani vilivyosahaulika ukutani, na programu zinazohesabu mbele. Mkopo wa miaka 20 uliochukuliwa 2018 unaishia huko huko, kwa hiyo tatizo hilo halisubiri 2038 ili lianze.

Waandishi wa programu wamejifunza, ingawa polepole. Java, tangu toleo la 8 la mwaka 2014, inatenganisha vitu viwili: muda unaopimwa kwa sekunde, na kipindi kinachohesabiwa kwa kalenda, yaani miaka, miezi na siku. Inakulazimisha uamue unamaanisha kipi. Hilo ndilo swali ambalo kiprogramu changu hakikuniuliza, na mimi sikujiuliza.

Mnataka kujua mzee aliishia wapi? Jumatatu niliongozana naye mpaka dirishani, mkononi nina nakala ya gazeti na barua ya mhariri inayokiri kosa. Tulizungushwa karibu wiki mbili, njoo kesho, njoo kesho kutwa, mwisho pingamizi lake likapokelewa. Lakini aliniambia kwamba majirani zake wawili waliokuwa wamejipanga kwenda Ijumaa ile ile walikata tamaa, hawakurudi tena. Hao hawana tarehe katika programu yoyote.

Tangu hapo, kwenye dawati langu kuna kalenda ya ukutani ya karatasi. Ikija notisi ya siku 30, nahesabu kwa kalamu, siku moja moja, halafu namwita mwenzangu wa meza ya jirani ahesabu tena. Ananicheka kila siku. Acha anicheke.

Tuonane wiki ijayo, panapo majaliwa.